Ufa na Njia ya Maji

Kiswahili hakina jina moja lililozoeleka la chumba kilichojengwa chini ya nyumba. Kamusi hutoa maelezo mahali pa jina: chumba cha chini ya ardhi, ghala la chini, orofa iliyo chini ya sakafu. Sababu haiko mbali. Mjenzi wa pwani huanzia usawa wa ardhi na kwenda juu. Ardhi yenyewe huchimbwa kwa haja chache zinazojulikana, nazo ni msingi, kisima, choo na kaburi. Mangapwani, kaskazini ya mji wa Zanzibar, kipo chumba kilichochimbwa ardhini, na wageni huoneshwa kuwa ndipo walipofichwa watumwa. Mtu aliyekua na picha hizo kichwani hawezi kupokea kwa raha habari kwamba chini ya sebule ya binti yake kuna chumba kingine.

Ndivyo ilivyokuwa kwa bibi mmoja wa Kizanzibari, aliyepindukia miaka 70, siku binti yake alipomwonesha nyumba aliyoinunua Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Alizitazama ngazi za mawe zilizoteremka gizani, akavuta harufu ya udongo, akauliza: “Mwanangu, huku mtu hushuka akiwa hai?” Binti alicheka. Mama hakucheka.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kawaida kwa mji ule: safu ndefu ya matofali mekundu ya mwishoni mwa karne ya 19, kila nyumba ikiegemea ya jirani, na chini ya kila moja chumba cha makaa ya mawe. Makaa yalimwagwa kutoka barabarani kupitia tundu lenye mfuniko wa chuma. Pembeni palijengwa meza ya jiwe, ambayo baridi yake ilihifadhi nyama, maziwa na siagi kabla ya kuja majokofu. Kuta zilijengwa kwa matofali na chokaa, na sakafu ilikuwa mabamba ya mawe yaliyolazwa juu ya udongo bila kitu kati yake. Hapakuwa na kinga yoyote ya maji, wala aliyeijenga hakuikusudia. Makaa hayaharibiwi na unyevu, na meza ya jiwe ilitakiwa iwe baridi.

Hata hivyo, chumba hicho kilikuwa na namna yake ya kujikausha. Hewa iliingia kupitia tundu la makaa, ikapanda ngazi, ikavutwa na mioto iliyowaka mekoni katika vyumba vya juu, ikatoka kwenye dohani. Nyumba nzima ilikuwa kama kifua kinachopumua. Kisha mambo yalibadilika moja baada ya jingine, na kila badiliko lilikuwa la busara. Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1956 ilianza kuubana moshi wa makaa katika miji. Gesi ikachukua nafasi ya makaa, dohani zikazibwa ili joto lisipotee, tundu la barabarani likafunikwa kwa zege, madirisha yakatiwa vioo viwili. Maji yaliyokuwa yakipenya ukutani kwa zaidi ya miaka 100 yaliendelea kupenya kama desturi yake, ila sasa hayakuwa na pa kutokea.

Binti hakuwa na haja ya chumba cha makaa. Haja yake ilikuwa mama. Bibi huyo aliishi peke yake katika ghorofa ya tisa ya jengo la upande mwingine wa mji, ambalo lifti yake iliharibika mara kwa mara, na magoti yake yalikuwa yamekwisha kuzikataa ngazi. Katika nyumba ya binti, chumba pekee kilichomfaa kilikuwa cha mbele, cha chini, karibu na choo. Chumba hicho kilikuwa kimejaa mizigo ambayo kila familia ya ughaibuni huijua: masanduku yanayongoja safari, vitabu, cherehani, mazulia, vyombo vya harusi za watoto ambao bado wako shule. Mizigo hiyo ilitakiwa kwenda mahali, na mahali pekee palikuwa chini. Ili mama aingie, chumba cha makaa kilipaswa kukauka.

Miongoni mwa mizigo hiyo lilikuwamo kasha moja la kaseti 14. Katika miaka ya 1980 baba wa familia alifanya kazi Muscat, na kama wengi wa wakati wake, alituma sauti badala ya barua. Simu ilikuwa ghali. Kaseti ilipewa mtu anayesafiri, ikafika baada ya wiki mbili, ikasikilizwa na nyumba nzima, kisha upande wa pili ukarekodiwa majibu. Baba alikuwa amefariki. Mama hakuwa na desturi ya kuzisikiliza kaseti hizo. Ilimtosha kujua kwamba zipo.

Fundi wa kwanza alitoka katika kampuni iliyojitangaza kuwa bingwa wa unyevu. Alikagua kwa muda usiozidi dakika 20, akachomeka kijipimo chake ukutani, akasema kazi ni nyepesi: kuta zote na sakafu zitapakwa tabaka za saruji maalumu isiyopitisha maji, kisha zipigwe lipu. Kazi ilikwisha ndani ya wiki moja. Chumba kikawa cheupe na kikavu kwa kugusa, ikatolewa karatasi ya dhamana, na mizigo ikateremshwa.

Msimu wa kwanza wa baridi ulipita salama. Wa pili ulikuja na mvua za siku nyingi mfululizo, na udongo wa mfinyanzi wa eneo lile, ambao huyaachia maji kwa ubahili mkubwa, ukajaa. Maji yaliyosimama nyuma ya ukuta husukuma kwa uzito wake mwenyewe. Kwa kila mita moja ya kina, msukumo huongezeka kwa kiasi kinachokaribia tani moja kwa kila mita ya mraba. Saruji iliyopakwa kwa ndani husukumwa itengane na ukuta, kwa kuwa nguvu inatoka nyuma yake. Ikishika kila mahali, maji hungoja. Ikiachia mahali pamoja, maji yote ya ukuta ule hupata mlango. Katika nyumba hii mlango ulikuwa pale ukuta unapokutana na sakafu, nyuma ya masanduku, ambako hakuna aliyetazama. Lipu ilivimba, ikabanduka kwa magamba, na chini yake chumvi nyeupe ikachanua kama pamba. Wakati uo huo jirani, mzee wa pale pale Leeds aliyeishi mtaa ule tangu ujana wake, akabisha hodi kwa upole kueleza kwamba sakafu ya chumba chake cha chini, ambayo haikuwahi kulowa katika miaka aliyoikumbuka, sasa ina dimbwi.

Kasha la kaseti lilikuwa chini kabisa ya rundo.

Utepe wa kaseti ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa sumaku kwa gundi, na gundi hiyo hunyonya unyevu, ikalainika na kunata. Kuvu nayo huota kwenye karatasi za jalada, kisha kwenye ukingo wa utepe wenyewe. Zilipofunguliwa, baadhi zilikuwa na duara la rangi ya kijivu pale utepe ulipozungushwa. Binti alizipanga juu ya meza ya jikoni bila kusema neno. Mama akachukua moja, akaipangusa kwa ncha ya kanga, akairudisha mezani.

Hapa ndipo methali moja inayojulikana na kila mtoto wa Kiswahili inapostahili kuulizwa swali. Usipoziba ufa utajenga ukuta: ndivyo tulivyofundishwa, na mafunzo hayo ni ya kweli kwa nyumba inayosimama juani. Ufa wa ukuta wa juu huingiza mvua, mvua huosha udongo, na mwenye uvivu wa leo hulipa gharama ya kesho. Lakini methali hiyo ilizaliwa mahali ambapo adui hutoka nje, hupiga na kwenda zake, kisha jua likaja kukausha alichokilowesha. Chini ya ardhi hakuna jua, na maji hayaendi popote. Ufa ukizibwa huko, maji hayaondoki; hubadili anwani. Huenda kwa jirani, au huenda kwenye kona aliyoisahau fundi, au hupanda ndani ya matofali mpaka kwenye boriti za sakafu ya juu. Aliyeziba huona ukuta mweupe na kudhani amemaliza kazi.

Mama alilijua jambo hili kabla ya fundi yeyote kuja, ingawa hakuna aliyemuuliza. Baba yake alikuwa mwashi katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, katika enzi ambayo chokaa bado ilichomwa kwa tanuri za kuni: mawe ya matumbawe yakipangwa juu ya magogo, moto ukiachwa ufanye kazi yake, kisha mawe yaliyoungua yakitiwa maji, yakachemka na kupasuka kuwa unga. Kuta za nyumba zile ni nene, za mawe na chokaa, nazo hunyonya maji ya masika na kuyatoa kiangazi. Chokaa ni laini, ina vitundu, na hukauka polepole kwa kuvuta hewa mpaka igeuke tena kuwa jamii ya jiwe ilikotoka. Alipokuwa mtoto alimsikia baba yake akiwalaumu waliokuwa wakipaka saruji juu ya kuta za namna hiyo ili zing’ae. “Ukuta umezibwa pumzi,” alikuwa akisema. Miaka mingi baadaye wataalamu wa uhifadhi waliofika katika mji huo, ambao uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, walikuja kusema neno lile lile kwa lugha ya ripoti: saruji huyafungia maji ndani ya ukuta wa chokaa, chumvi hujikusanya, na jiwe huliwa kutoka ndani.

Ipo ajabu ndogo ya historia katika kisa hiki. Saruji ya Portland, ambayo leo imeenea ulimwenguni kote, ilipewa hataza tarehe 21 Oktoba 1824, na aliyeiomba alikuwa Joseph Aspdin, mwashi wa Leeds. Aliiita hivyo kwa sababu ilipokauka ilifanana na jiwe la Portland, lililosifika kwa ujenzi Uingereza. Ugumu wake ndio sifa yake, na pasipo ugumu huo madaraja, mabandari na maghorofa ya karne mbili yasingesimama. Lakini nyumba za chokaa zilizotangulia enzi yake, ziwe za matofali ya Leeds au za matumbawe ya Unguja, zilijengwa kwa imani nyingine: kwamba ukuta ni kitu kinachopokea na kutoa. Saruji ilisafiri kutoka mji huu ikafika pwani ya Afrika ya Mashariki na kufanya kule kosa ambalo ilikuwa ikilifanya hapa, katika mitaa ya kwao yenyewe.

Wala isidhaniwe kwamba mafundi wa pwani hawakujua kuziba. Katika Husuni Kubwa ya Kilwa, jengo la karne ya 14, limo birika la pembe nane, na mabirika na visima vya miji ya kale ya Waswahili vilihitaji mikono iliyojua namna ya kuyaweka maji mahali pake. Tofauti ni kwamba birika huwa na maji ndani na ardhi nje, na maji huisukuma lipu ishikamane na ukuta. Chumba cha makaa cha Leeds ni birika lililopinduliwa: maji yako nje, ukavu uko ndani, na lipu husukumwa ibanduke. Ufundi unaofaa mahali pamoja huwa hasara mahali pengine, hata kama mwiko ni ule ule.

Fundi wa pili alikuwa mwanamke wa makamo aliyefika na tochi, kipande cha karatasi ya plastiki na subira. Siku ya kwanza hakushuka chini hata kidogo. Alizunguka nje, akatazama mlizamu wa paa uliopasuka na kumwaga maji yake yote kwenye kona moja ya msingi, akaona kwamba ua wa nyuma uliinuliwa kwa zege na kuinamia ukutani badala ya kuinamia mbali nao. Aliwaomba wenye nyumba wafunge mabomba yote kwa usiku mmoja na kusoma mita ya maji jioni na asubuhi, ili ijulikane kama hakuna bomba linalovuja chini. Kisha ndipo alipoteremka, akabandika kipande cha plastiki ukutani na kuziba kingo zake zote kwa utepe. Baada ya siku mbili alikitazama. Matone yakiwa upande wa chumbani, maji yanatoka hewani. Yakiwa nyuma ya plastiki, yanatoka ukutani. Palikuwa na matone pande zote mbili. Baadhi ya maji yalikuwa ya ardhi, na baadhi yalikuwa ya pumzi za watu, za jikoni na za nguo zilizoanikwa ndani, zilizoteremka na kukuta ukuta wa baridi.

Akaeleza kwamba kanuni za Uingereza za kazi hii, zijulikanazo kwa jina la BS 8102 na kutolewa upya mwaka 2022, hutambua aina tatu za kinga. Ya kwanza ni kupaka kizuizi, kama alivyofanya aliyemtangulia. Ya pili ni kuujenga ukuta wenyewe kwa zege lisilopitisha maji, jambo lisilowezekana kwa nyumba iliyokwisha kusimama miaka 130. Ya tatu ni kuyakubali maji yaingie, kisha kuyaongoza. Ukuta hufunikwa kwa karatasi ngumu ya plastiki yenye vinundu, ili ibaki nafasi ya milimita chache kati yake na matofali. Maji hupenya kama yalivyozoea, hukuta nafasi hiyo, huteremka bila kusukuma chochote, huingia katika mfereji uliochimbwa pembezoni mwa sakafu, na mfereji huyapeleka katika shimo lenye pampu. Maji yakipanda, boya huinuka na kuiwasha pampu. Umeme ukikatika, betri hushika zamu.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti juu ya ngazi, akitafsiriwa na binti. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: shimo lile litakuwa na kina gani? Alipojibiwa, akasema, “Basi hicho ni kisima. Kisima nakijua.” Kutoka siku hiyo watu wote wa nyumba ile, na fundi mwenyewe kwa matamshi yake ya Yorkshire, walikiita hivyo.

Kazi ya pili iligharimu zaidi ya mara tatu ya ile ya kwanza. Kampuni iliyotoa dhamana ilijibu kwamba dhamana haihusu maji ya ardhini, na katika chumba kilichozungukwa na ardhi pande nne jibu hilo lilikuwa la kustaajabisha. Fedha zilitoka katika akiba ya safari ya Zanzibar ambayo mama alikuwa akiihesabia miaka. Binti alisita kumwambia. Siku mbili nzima jambo hilo lilikaa kati yao kama maji nyuma ya lipu, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake analijua. Mwishowe mama ndiye aliyeanza. Alisema kwamba wale aliotaka kwenda kuwaona, walio wengi sasa wangeonekana kwa kusomewa Fatiha, na Fatiha hufika kutoka popote. Kisha akalia, na binti akalia, na ilikuwa mara ya kwanza kwao kulia pamoja tangu mazishi ya baba.

Ufundi wa kisima una fundisho ambalo saruji hailitoi. Aliyepaka kizuizi huahidi ukavu kama kitu kinachonunuliwa mara moja. Aliyeweka pampu huahidi kazi isiyokwisha. Boya linaweza kukwama kwa tope, betri huzeeka, mfereji hujaa chokaa iliyooshwa kutoka ukutani. Kila mwaka lazima mtu afungue mfuniko, asafishe, amwage ndoo ya maji na kusikiliza kama mashine inaitika. Mlizamu wa paa lazima utolewe majani kila vuli. Tundu la makaa lilifunguliwa tena na kutiwa kichungi ili hewa ipite, na bado, katika siku za joto la unyevunyevu, lafaa kufungwa, kwani hewa moto ya nje ikiingia chini hugeuka matone. Nyumba kavu ni ile inayoangaliwa.

Katika kaseti 14, tisa zilisafishwa na kusikika, nyingine kwa mkwaruzo, nyingine kama kwamba msemaji yuko chumba cha pili. Sauti ya baba ikauliza bei ya mchele Darajani, ikamsalimu shangazi aliyekwisha kufa, ikanyamaza kidogo pale adhana ilipopita nje ya dirisha la Muscat. Tano hazikurudi. Mama hakuuliza zilikuwa na nini; alisema tu kwamba aliwahi kuzisikia, na kilichosikiwa kimesikiwa.

Sasa anaishi katika chumba cha mbele. Masanduku, vitabu na mazulia yako chini, yameinuliwa juu ya mbao kwa nafasi ya shibiri moja, ingawa sakafu ni kavu. Chumba cha jirani kimekauka pia tangu zege la ua liliposawazishwa. Mtu akishuka baada ya usiku wa mvua husikia pampu ikinguruma kwa sekunde chache na kunyamaza. Kasha la kaseti lina nafasi yake juu ya rafu, kando ya meza ya jiwe, na binti amekwisha kulipelekea huko mara mbili. Mara zote mbili mama amelirudisha juu, kabatini mwake, chini ya kanga zake, bila kueleza sababu.